Nusu ya Robo, Pungufu Kidogo

Baba alirekebisha mizani za Marikiti
miaka arobaini, na hakuuliza kitu jina
kabla hajauliza uzito.
"Hiyo mnayopika huko Chiromo, ina kilo ngapi?"
Benzamidi, Baba. Moli moja
ni gramu mia na ishirini na moja.
Akafumba jicho, kiganja kikapanda na kushuka.
"Nusu ya robo," akasema, "pungufu kidogo."

Nikamchorea nyuma ya kadi ya kliniki:
nati ya pembe sita, unayoijua kwa spana,
kaboni sita zimeshikana viuno;
kando yake kaboni ya saba
imebeba oksijeni begani
na naitrojeni mkononi.

Naitrojeni ndiyo mpole wao.
Ilikuwa na jozi ya elektroni, akiba yake,
ikamkopesha oksijeni, jirani.
Asidi ikipiga hodi, huambiwa:
sina, ndugu yangu, ziko kwa jirani.
Kwa hiyo litmasi ukiichovya humo
nyekundu hubaki nyekundu,
buluu hubaki buluu.
Baba akacheka,
halafu akaomba beseni.

Vitabu huiweka katika jamii ya vinukiavyo.
Nimeinusa miaka tisa. Hainukii kitu.
Mpaka uichemshe na soda kali,
hapo ndipo inasema yote:
amonia, banda la kuku alfajiri,
macho yanatoka machozi,
na karatasi nyekundu, iliyolowa,
inageuka buluu kwenye mdomo wa neli.

Maji baridi haiyataki. Maji ya moto inayapenda.
Ila Nairobi iko juu, maji yetu yana haraka,
yanachemka tisini na tano hayajafika,
na wanafunzi wageni wa mwinuko huu
huongeza maji, wakaongeza tena,
mwisho wakabaki na chupa ya maji matupu.
Gakii alifanya hivyo Jumanne.
Tukakaa kuyapunguza, tone kwa tone,
Julai, manyunyu dirishani,
na stima ikapotea.

Friji kimya. Barafu imekuwa dimbwi.
"Sasa tutaipoza vipi?" Gakii akauliza.
Nikavua sweta, nikaifunga chupa
kama mtoto wa kubebwa, tukaenda zetu.

Asubuhi sweta ilikuwa baridi.
Nikaifungua:
vibamba vyeupe, vipana, vyembamba,
kama kucha za mtoto mchanga,
vimelala kimoja juu ya kingine
na mwanga wa kijivu ndani yao.
Barafu haijawahi kunipa kama hivyo.
Gakii akataka kuonja. Nikamchapa mkono.
Hii yenyewe si dawa, dada;
ni ya kuanzia, ni ya kujifunzia,
ni mlango tu.

Lakini mifupa ni ile ile.
Funga klorini hapa, methoksi pale,
mpe naitrojeni mkia mrefu,
na ukoo unafika mbali: kwenye rangi, kwenye dawa,
hadi kwenye dirisha la famasia
nilikosimama foleni saa mbili
na cheti cha Wafubwa, Boniface, wodi ya pili,
kupewa vidonge vyeupe ndani ya bahasha ya kaki:
kimoja, nusu saa kabla ya kula.
Vya kutuliza tumbo
baada ya ile dripu inayomgeuza Baba
kitambaa kilichokamuliwa.

Nikamwambia: Baba, huyu ni mjukuu
wa ile ya kwenye kadi.
Hakumeza upesi. Alikiweka kiganjani,
kikapanda, kikashuka,
kile kiganja kilichokamata wauza vitunguu
wenye mawe yaliyochongwa chini.
"Hakifiki hata gramu," akasema,
kana kwamba ameibiwa.
Akameza.

Saa nne usiku nikafungua daftari langu la maabara,
ukurasa ule ule wa Gakii,
na kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine
nikaandika:
Kuyeyuka, digrii mia na ishirini na nane.
Supu, nusu kikombe.
Imekaa.