Pedali ya Klachi

Miaka tisa niliogesha wazee wa watu kule Dortmund,
nikawakata kucha, nikawageuza ubavu usiku wa manane,
na sasa migongo yao imekuwa zloti elfu sitini na nne
ndani ya bahasha, mfukoni mwa koti, upande wa moyo.
Mjomba Zenon kaniachia hekta kumi na moja za mchanga na viazi
huku Podlasie, na banda tupu:
trekta lake liliuzwa kulipia jeneza.

Mjini Łomża kijana wa duka alinipandisha jipya.
Kiti kilishuka taratibu, kama kinanisalimia.
Redio, kipasha joto cha miguu,
nailoni bado imevishwa usukani.
"Toa nusu," akasema, "nusu benki, miaka saba tu."
Tu.
Nikahesabu: nitakuwa na hamsini na moja,
na mvua ya mawe haijui tarehe ya benki.
Nikamuuliza, likigoma shambani, nafungua wapi?
Akacheka kwa adabu. "Hufungui, mama. Unapiga simu."
Kipya kinyemi, ningeibusu boneti ile kama si watu;
lakini kukopa harusi,
na matanga mimi nimeyachoka.

Kwa bwana Gryko, kabla ya salamu,
niliweka kiganja juu ya injini.
Baridi kama kitasa cha kanisa. Vizuri.
Anayeuza mbuzi kwenye gunia huiwasha mapema
uikute imechangamka, kikohozi chote kimekwisha.
Aliona nilichofanya, akanyamaza.
Iliwaka mara ya tatu, moshi wa buluu kidogo,
kisha tupu-tupu, tupu-tupu, silinda mbili
zikibishana kama majirani wasiohama.

Mita ya saa ilisema elfu mbili na mia moja.
Nikainama kuitazama pedali ya klachi:
raba imelika hadi chuma, chuma kinang'aa kama kijiko,
lakini ukingo wa chini tu.
"Mita yako inasema uongo," nikamwambia.
"Ilikufa mwaka aliohama binti yetu.
Sikuona sababu ya kuhesabu.
Na hiyo pedali ni ya Leokadia. Yeye ndiye aliyelima,
mimi nilikuwa kiwanda cha maziwa. Alikuwa mfupi.
Aliifikia kwa vidole."
Hakuongeza neno. Akanionyesha panapovuja oili,
gia ya tatu inayotaka kubembelezwa,
tairi la nyuma lililozibwa mara mbili,
tangi lenye kutu, "litakusumbua."
Akataja bei, na bei haikuwa ya huruma.

Usiku nilikaa na penseli.
Jipya: dhamana, joto la miguu,
na barua ya benki kila mwezi mlangoni.
La zamani: spana, kucha nyeusi,
na elfu ishirini na tano zinazobaki za kuharibikiwa.
Sikuchagua kwa moyo, msinisingizie.
Nilichagua kwa hesabu, kisha moyo ukaja nyuma
ukijidai ndio ulioongoza njia.

Jumamosi, nikilileta nyumbani, lilizima
hatua kumi baada ya kivuko cha reli.
Theluji ya kwanza, ile isiyoamua kama ni mvua.
Jirani Dąbek akapita na lake la kijani, jipya,
ndani kavaa fulana tu;
akapunguza mwendo, akapunga mkono
kama mtu apitaye wodini.

Nilishuka. Chujio la dizeli, limejaa kutu, kama nilivyoambiwa.
Vidole vikafa ganzi. Nikatukana kwa Kijerumani,
maana ndiyo lugha niliyofanyia kazi.
Nikapanda tena, nikakanyaga klachi.
Mguu wangu ni mkubwa: wayo ulipita kile chuma king'aacho
ukatua juu yake, penye raba nzima,
mahali Leokadia hakuwahi kufika.