Waja Leo

Ilikuja kwa basi la asubuhi, ndani ya boksi la sabuni,
imeviringishwa magazeti matatu:
prosesa. Ndogo kuliko kisheti.
Bi Mwanamkasi kaitolea pesa ya kikoba.
"Shekue mwanangu, mashine yangu imechoka.
Ukifungua barua moja
waenda Mgandini, wanunua nazi, warudi, bado yafikiri."

Hapa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
fundi hana siri. Meza yangu iko barazani.
Wenye baiskeli husimama mguu mmoja chini
kutazama tumbo la kompyuta.

Nikafungua kava: vumbi la miaka kumi na mmoja,
uzi wa mkonge, mende mkavu, pini ya hijabu.
Nikaing'oa ya zamani, nikafuta pasta
iliyoganda kama uji wa jana.
Nikaiweka mpya, alama juu ya alama.
Haikugoma. Ilijilaza kwenye soketi
kama mtu aliyefika kwao.

Nikawasha.
Feni ikazunguka. Taa ya kijani.
Kioo, kiza.

Ukishindwa hadharani Tanga, ushauri haulipiwi.
"Toa ramu, isugue kwa raba."
Nikasugua, kwa raba ya mtoto wa darasa la pili.
Kiza.
"Umeme haumtoshi huyo."
Nikaazima pawasaplai kwa Kimweri, duka la tatu.
Kiza.
"Betri!" Nikaichomoa, bapa kama sarafu,
nikanywa chai nusu kikombe, nikairudisha.
Kiza, na sasa hata saa haijui mwaka.
"Pini imepinda." Nikashika lenzi, nikahesabu safu:
zote zimesimama wima kama mkonge shambani.
Mmoja akasema ni jini.
Huyo hakuwa na baiskeli, wala haraka.

Adhuhuri Bi Mwanamkasi akaja.
"Imepona?"
"Inahema, Bi. Haisemi."
Kesho alfajiri shule moja ya Makorora inangoja
mitihani sitini.

Kwa hasira nikairudisha ile kuukuu,
nikabonyeza:
tii.
Mlio mmoja. Kioo kikafumbua macho.

Nikakaa chini. Nikayasoma yale maandishi ya mwanzo,
yanayopita kabla hujavaa miwani.
Bayosi ya mwaka ule ubao ulipozaliwa.
Prosesa yangu mpya ni mdogo wake kwa miaka miwili.
Kumbe mgeni kapiga hodi siku nzima,
na ndani si kwamba wamemchukia.
Hawajapata kulisikia jina lake.

Kwa Kimweri kuna mtandao. Nikashusha faili,
jepesi kuliko picha moja ya harusi, nikalitia kwenye flashi.
Na nani alisome? Mpya haiingii
mpaka itambulikane. Basi ile ya zamani,
niliyokwisha kuitupa kwenye kopo la skrubu,
ndiyo iliyokaa kitini mara ya mwisho
kuufundisha ubao jina la mrithi.

Asilimia kumi. Arobaini.
Umeme ukikatika hapo, ubao ni wa kuzika.
Nikamwomba jirani anayechomelea mageti asimame.
Akasimama, miwani myeusi usoni,
barabara nzima ikasikia feni.
Sabini. Sabini. Sabini.
Mia.

Nikabadilisha tena, mikono ikiteleza jasho.
Tii.
Na pale juu, kwa herufi nyeupe, jina lake kamili.

"Waja leo," akasema mwenye baiskeli, "waondoka leo."
"Huyu haondoki," Bi Mwanamkasi akamkata,
"ana mitihani sitini ya kuchapa."
Ile kuukuu akaiomba. Ya nini, Bi?
Hakunijibu. Akaifunga pembeni mwa kanga,
pale anapofunga pesa, akakaza fundo.

Asubuhi alirudi mbio na karatasi mkononi.
Saa, nilisahau kuirekebisha.
Mitihani yote sitini imetoka
na tarehe mosi Januari, mwaka ule ubao ulipozaliwa,
na watoto watakaoifanya
wengine walikuwa hawajazaliwa.