Daftari la Kuzikana

Fuso la jiji lilishusha miche Jumamosi asubuhi
mbele ya ofisi ya mtaa, Ngamiani,
viriba elfu mbili na ushei, udongo ungali unachuruzika,
na kijana wa bustani, Kaoneka, kashika karatasi yenye muhuri:
Kiwanja namba arobaini na tatu, kitalu D.
Akaita. Akarudia kuita.
Nani huku anaijua nyumba yake kwa namba?
Huku ni kwa Mama Sauda wa vitumbua,
ni pale palipokuwa na mashine ya kusaga,
ni mlango wa kijani, ule ambao kijani chake kimeshakwisha.

Ndipo Mwanasha akasema: lete daftari.

Mimi ndiye katibu. Daftari hulala chini ya godoro langu,
kaunta buku, jalada limeshikwa kwa plasta,
miaka kumi na tisa ya Barabara ya Kumi na Tatu:
nani kahamia, nani kapanga chumba cha uani,
nani akifa apelekwe Pangani, nani Muheza,
nani hana mtu, tutamsitiri wenyewe.
Jiji lina ramani. Sisi tuna majina.

Vijana wa bodaboda wakaifunga miche kwa mipira,
sita sita, kama wafungavyo kuku.
Kinamama wa upatu wakasimamia foleni,
maana zamu wanaijua kuliko serikali.
Nami nikasoma kwa sauti ile ile
ninayosomea michango ya sanda.
Mwamvita akatoka mbio, kanga begani, mkono kifuani:
"Kafa nani?"
Hakufa mtu, shoga. Njoo uchukue mstafeli.

Ukurasa wa sitini na moja nikakwama.
Hoza, fundi baiskeli. Mstari mwekundu juu yake,
mwandiko wangu: ada, miezi kumi na minne.
Naye yuko ng'ambo ya barabara, anajaza upepo
gurudumu lililokwisha jaa zamani.
Mtunza hazina akaninong'oneza: huyo tulimfuta.
Tulimfuta kwenye jeneza, nikasema,
kwenye kivuli hatujakaa kikao.

Nikavuka na mshelisheli mkononi.
"Nawadai au mnanidai?" Hakunyanyua uso.
"Tunakudai. Deni liko pale pale. Mti ni wa jiji."
Akajifuta mikono kwenye suruali,
mara mbili, ndipo akaupokea.

Sitasema yote yalikwenda vizuri.
Mwenye nyumba mmoja alikataza: mizizi itapasua karo.
Mpangaji wake, Zubeda, akaupanda mkomamanga katika ndoo ya rangi,
na mwezi uliofuata akahama nao Mabawa,
ndoo mapajani, kitanda nyuma kwenye mkokoteni.
Mbuzi walikula miche kumi na mmoja usiku mmoja.
Shekue akaapa mbuzi si wake.
Masika yakakatika mapema.

Sasa kila mwisho wa mwezi, tukishahesabu michango,
nazunguka na daftari na kalamu mbili.
Nyekundu mkono wangu umeizoea:
mstafeli wa Mwamvita, umekauka;
mdalasini wa madrasa, umekanyagwa na gari la mchanga.
Ya bluu ndiyo inayonipa tabu.
Daftari hili halijawahi kuwa na safu
ya kilichozaliwa.
Nimeichora moja pembeni, imepinda, rula sikuwa nayo,
na jina la kwanza ndani yake ni Hoza.
Sikujua watu wa miti huandikaje,
nikaandika: majani matatu mapya.
Chini yake, kwa herufi ndogo: ada bado.