Chumba cha Saba

Baba ana sukari, na chai yake haina.
Ndivyo anavyojitambulisha siku hizi
kwa kinyozi, kwa mgeni, kwa mtu wa ankara za maji,
kisha anacheka peke yake.

Nyumba yetu ipo Ngamiani, vyumba sita, korido moja, choo cha uani.
Miaka arobaini baba anakaa barazani na daftari:
nani kalipa, nani kahama usiku na godoro,
nani kakaanga dagaa ukuta ukanuka mpaka Idi.

Kwa hiyo Hidaya Shekimweri, binti wa utafiti,
alipovuta kiti cha plastiki akasema,
"Mzee, tumboni mwako mna vijidudu, mabilioni,
vingine vyema, vingine vikorofi,"
baba hakushtuka. Aliuliza:
"Wameingia kwa mkataba gani?"

Kuna unga wa kokwa za zambarau
anaousaga Bi Tatu Mhando, sokoni Mgandini,
na uwatu uliolala majini ukateleza kama mlenda,
na gome jingine asilolitaja jina.
("Nikilitaja leo, kesho mti umechunwa hadi mizizi.")
Mama anapima kwa kijiko. Baba anafumba macho, anameza.
Uchungu wake, anasema, hata kisogo kinaujua.

Halafu vidonge vya Bombo, vikubwa kama vifungo vya koti.

Miaka minne dawa hizi zilipita mlango mmoja
bila kuamkiana.
Daktari haulizi ya sokoni, baba hasemi.
Bi Tatu haulizi ya Bombo, baba hasemi.
Mpaka usiku ule alipotota jasho la baridi,
akaniita kwa jina la shangazi aliyekufa,
na mama akampaka asali kwenye ufizi,
tukamrudisha kwa kile kile tulichomnyima.

Hidaya alisema labda gome haliendi moja kwa moja kwenye damu.
Labda linashukia kwa wale wa tumboni,
linawalisha hawa, linawafukuza wale,
na wao ndio wanaoamua sukari ikae wapi.
Labda. Neno hilo alilisema mara saba, nilihesabu.
Ili ajue, anahitaji choo.
"Choo kipo uani."
"Si choo hicho, mzee."
Akatoa kikopo chenye kifuniko cha bluu.

Mama akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.
Chumba cha nne wakazima redio wasikie vizuri.
"Binti yangu," baba akasema,
"mtu wa miaka sabini na moja hubaki na siri mbili:
deni lake, na hiyo unayoitaka."

Siku nne kikopo kilikaa juu ya kabati,
mama akikisogeza mbali na Msahafu.
Ya tano, adhana ya alfajiri imeisha,
nilisikia ndoo, kikohozi, mlango wa bati.
Alitoka nacho kimefungwa gazeti,
juu ya gazeti bahasha ya kaki,
juu ya bahasha hati yake ya risiti:
*Pokea. Wapangaji. Idadi haijulikani.*

Ilikuwa kumi na nne; sasa ni tisa na kitu.
Ni kidonge? Ni gome? Ni zile andazi mbili
alizoacha kununua kwa jirani, akidhani hatujui?
Hidaya kaja na karatasi zenye rangi, kasema bado.
Daktari ana namba ya Bi Tatu, wanapigiana,
wamepunguza kijiko, wamepanga saa.
Jina la gome, Bi Tatu bado kalifumbata.

Jana baba alifungua ukurasa mpya,
akapiga mstari kwa rula: *Chumba cha Saba.*
Mahali pa kodi akaacha wazi.
Mahali pa jina akamuuliza Hidaya,
naye akataja neno refu la Kilatini.
Baba alilijaribu, ulimi ukakwama,
akalijaribu tena,
akalowesha ncha ya penseli mdomoni,
akaandika: *Jamaa.*