Kilo Mbili za Gunia

Mlinzi wa getini aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu,"
nikaitikia marahaba, nikapita,
maana kueleza kungekula muda
na kipindi kilianza saa mbili kamili.
Juma la pili akaona kitambulisho changu kipya,
picha ya kilemba, namba ya usajili chini yake,
akakohoa.

Nina miaka hamsini na mmoja.
Viti vya ukumbini vimetengenezwa kwa viuno vya watoto.
Nakaa mstari wa mbele, wanadhani ni bidii.
Ni macho. Miwani niliyonunua stendi ya Moshi
husoma karibu, ubaoni haifiki.

Swaumu, binti wa Kondoa, rika la kitindamimba wangu,
alinifundisha kutuma kazi kwa simu.
"Bonyeza hapo, mama. Siyo hapo."
Nami nikamfundisha kujumlisha safu ndefu bila mashine,
kidole kikishuka kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Tumelipana.

Dada yangu Ndelilio aliniuliza akimenya ndizi, uso hakuinua:
"Cheti utakitundika wapi, na kuta zenyewe zina ufa?"
Nikamjibu nimechoka kukaa.
Haukuwa uongo wote.

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa chama, kule juu Kibosho,
ghala lenye harufu ya kahawa kavu na mafuta ya taa.
Akina mama wanashusha magunia,
mimi nasoma mizani, naandika:
hamsini na nne, toa mbili za gunia, hamsini na mbili.
Sitini, toa mbili za gunia.
Ndivyo katibu alivyonifundisha, naye alivyofundishwa.
Gunia tupu sikuwahi kulipima.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nne,
mvua ikigonga bati hata mhadhiri akapaza sauti,
swali la ukaguzi likaandikwa ubaoni:
Hasara isiyolalamikiwa na mtu, utaitafuta wapi?
Vijana wakainama, wakaandika upesi.
Kalamu yangu ikasimama.

Jioni nikapita sokoni Kiboriloni, kwa muuza maharage.
"Nipimie hili gunia."
"Lina nini ndani?"
"Halina kitu. Lipime hivyohivyo."
Akacheka, akaliweka. Mshale ukasogea kidogo, ukagoma:
kilo moja, tena haikutimia.

Usiku ule nikazidisha, jikoni, taa ikivuma.
Kilo moja kwa kila gunia, kwa kila msimu,
nikafika kwenye ada za watoto wa watu,
kwenye mabati,
kwenye mguu wa Mama Ndeshukurwa
uliopinda kwa kukosa hela ya hospitali.
Mwandiko ulikuwa wangu. Mzuri, ulisifiwa hata na wakaguzi.

Jumamosi nikapanda kwake na sukari kilo mbili
(nilipoona ni kilo mbili nilikuwa nimeshalipa).
Nikamweleza yote, hesabu mkononi,
nikaumauma maneno kama mtoto aliyevunja chungu.
Alisikiliza mpaka mwisho. Akaunyoosha mguu.

"Tulijua," akasema.
"Kwani vile vijiwe ulidhani vya nini?"

Vijiwe.
Sakafuni mwa ghala, kila magari yakishapakia,
nilivifagia kwa miaka kumi na tisa
nikiwalaani watoto.

Akacheka mpaka akashika ubavu.
Mimi sikujua nicheke au niombe radhi tena,
na kwa nani sasa.
Akanimiminia chai, akaniuliza huko chuoni
wananipa chakula au najitegemea.

Nimerudi chumbani. Madaftari yote yako hapa, kwenye kiroba,
utafiti wangu una kichwa cha habari, hauna mwili.
Kuna safu ya kilichoibwa.
Vijiwe sijui niviandike safu ipi.
Jumatatu nitanyoosha mkono, nimuulize mhadhiri
mbele ya watoto wote.