Kupima Kitanda

Pasua, Jumamosi, jua la saa nne.
Mzee Kileo analipiga gari kofi ubavuni
kama anayeuza ng'ombe:
"Haisi ndefu. Chuma cha Mjapani, hakijaguswa."
Nina sumaku ya spika iliyokufa.
Naipitisha mlangoni: inang'ata.
Juu ya tairi la nyuma: inadondoka.
Pale ni puti.
Tunanyamaza wote wawili.

Injini inaitika mara ya pili,
moshi mweupe kidogo, kisha hakuna.
Naandika: bushi, breki, mpira wa mlango.

Halafu navua viatu, naingia nyuma,
najilaza chali sakafuni.
Futi sita, na kiganja cha ziada.
Hapa kitanda. Miguuni jiko la gesi.
Kushoto nitakata dirisha la Aikande,
aliyechoka kuamka akitazama
ukuta wa jirani.

Mgongo wangu unagusa reli mbili,
zimelainika kwa kusuguliwa.
"Lilikuwa linabeba nini?"
Mzee anageukia mlima. Mlima umejifunika.
"Watu," anasema. "Dar hadi Rombo. Kibosho. Machame.
Kurudi, lilirudi tupu."

Nabaki nimelala.
Walionitangulia hapa
hawakulalamikia shimo hata moja la barabara.

"Punguza laki tano, kwa ile puti."
"Tatu."
"Sawa, tatu. Ila reli usizing'oe.
Kitanda kitakaa juu yake,
asubuhi kitateleza hadi nje mlangoni,
na sisi juu yake,
tuko macho."