Kifungu cha Saba

Kifungu cha saba cha mkataba kimepigwa mstari mara mbili:
mpangaji hataruhusiwa kupigilia msumari,
kutoboa wala kuchimba ukuta kwa namna yoyote ile.
Mama Shemndolwa alikisoma kwa sauti,
akapokea kodi ya miezi sita, akaihesabu mara mbili pia.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku.
Narudi Mabibo saa moja asubuhi, soksi zimeniganda miguuni,
na jua linanifuata kitandani kama mdai:
halibishi hodi, linakaa usoni.
Wiki ya kwanza nilibana kanga kwenye nondo za dirisha.
Feni ikaipeperusha.
Watoto wa uwani wakanitangaza:
"Anti analala mdomo wazi!"

Basi Kariakoo, kwa Hamduni wa vitu vya plastiki.
Vishikio viwili vyeupe, gundi mgongoni,
karatasi nyekundu juu ya gundi.
"Kilo tano kinabeba. Hutoboi, hugongi, hudaiwi."
Na joto je, nikamuuliza.
"Joto lipi?" akasema,
jasho likimdondoka kidevuni juu ya risiti.

Nikaufuta ukuta kwa spiriti.
Pamba ikatoka nyeupe; nikafuta tena, ikatoka nyeupe;
ukuta wa chokaa haumalizi kunawa.
Nikabandika, nikakandamiza kwa kiganja,
nikahesabu hadi sitini
kama ninavyohesabu mapigo kwenye kifundo cha mgonjwa.
Subiri siku nzima, ilisema pakiti, ndipo utundike.
Mgeni hupewa siku mbili kabla ya jembe;
huyu nilimpa moja.

Kisha bomba, kisha pazia zito la bluu
alilonishonea Stamili wa chumba cha pili.
Usiku ukaingia chumbani saa tatu asubuhi.
Nililala siku tatu kama mtu aliyesamehewa deni.

Siku ya nne, saa nane mchana, joto limeiva,
nikasikia sauti ndogo, kama mtu anamenya chungwa.
Halafu bomba kifuani, pete zote,
na jua nyuma yake.

Gundi haikunisaliti. Hilo naomba liandikwe.
Kishikio kilikuwa bado kimeng'ang'ania
kipande cha ukuta kama chapati ya mtoto.
Kilichoachia ni rangi.
Nikakigeuza mkononi: krimu, chini yake kijani,
chini yake waridi, chini yake bluu ya zahanati.
Wapangaji wanne wamelaliana,
hakuna aliyeaga.

Na pale ukutani, katikati ya kidonda,
duara dogo jeupe. Nikalikwangua kwa ukucha.
Likanukia mnanaa.

Dawa ya meno!

Mtu alitoboa hapa. Siku ya kuhama akaziba,
akasawazisha kwa kidole chenye mate,
akarudisha ufunguo, uso mkavu.
Ndani fisha bado ipo, nyekundu, imetulia kama gego.
Nikapima upande wa pili wa dirisha,
nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikasikiliza.
Tundu la pili lilikuwepo, urefu ule ule.
Sijui jina lako, wewe wa rangi ya kijani au ya waridi,
ila ulikuwa na pimamaji,
na huenda na wewe ulilala mchana.

Skrubu mbili, duka la kona.
Ziliingia bila kuuliza njia.

Kifungu cha saba kinakataza kutoboa.
Sikutoboa, mama. Nimekuta.
Juu ya kabati nimeweka mrija wa dawa ya meno,
si wa kupigia mswaki.
Vishikio vya gundi vimehamia mlangoni:
kimoja kimebeba ufunguo, kingine kitambulisho cha kazi.
Havijalalamika.

Jana, katikati ya usingizi, nikawasikia uwani
wakiulizana kwa masikitiko:
"Anti siku hizi halali?"